Lini daktari wa meno yuko tayari kutibu maumivu ya uso peke yake?

Daktari anayesomea ubingwa wa kinywa na meno anapokaribia kumaliza mafunzo, sisi wasimamizi huulizwa zaidi kuhusu idadi: ameng'oa meno mangapi, ametibu mizizi mingapi, ameshiriki upasuaji mara ngapi. Kwa maumivu ya uso kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa uamuzi mgumu kuliko yote ni ule wa kuliacha jino lilivyo. Hapa Mbeya hutufikia wagonjwa kutoka Makete, Chunya na Kyela walioshang'olewa meno mawili matatu ya upande mmoja, yote mazima, na maumivu yako pale pale, kwa sababu tangu mwanzo yalitoka kwenye neva ya trijemino, yaani neva ya tano ya kichwa inayochukua hisia za uso.

Kwa hiyo tathmini yangu huanzia kwenye maelezo ya mgonjwa. Ninasikiliza kama daktari anauliza shambulio moja hudumu muda gani na huamshwa na nini. Maumivu ya trijemino hupiga kama shoti ya umeme, kwa chini ya sekunde moja hadi dakika 2, na huamshwa na mambo madogo kama kupiga mswaki, kunawa uso au upepo wa baridi ambao kwetu Juni na Julai haumwachi mtu. Daktari aliyeiva anajua pia kwamba ganzi inaweza kumpotosha: ikichomwa mahali panapoamsha shambulio, maumivu ya neva hutulia kwa muda, na asiye makini atahitimisha kwamba jino ndilo chanzo.

Mikono ya daktari nayo hupimwa. Vigezo vya kimataifa vya maradhi ya kiungio cha taya vilivyochapishwa mwaka 2014 vinataka misuli ya shavuni na ya kwenye panja ibonyezwe kwa nguvu ya kilo 1, na mgonjwa aulizwe kama hayo ndiyo maumivu yale yale anayoyajua. Ninawafanyisha mazoezi ya kubonyeza mizani ndogo ya jikoni kwa ncha ya kidole mpaka mkono uzoee, maana wengi hubonyeza kwa woga, wakakosa msuli unaopeleka maumivu kwenye magego, kisha wakarudi kulilaumu jino.

Kuhusu uamuzi wenyewe, ninafuata utaratibu uliotokana na kazi ya Mholanzi Olle ten Cate, aliyependekeza mwaka 2005 kwamba mwanafunzi akabidhiwe majukumu ya kitaaluma hatua kwa hatua. Ngazi ni tano: kutazama tu, kufanya msimamizi akiwa chumbani, kufanya msimamizi akiwa karibu wa kuitwa, kufanya peke yake, na hatimaye kuwasimamia wengine. Ninaupenda kwa sababu unanilazimisha kujibu swali la kweli: je, ningekubali huyu amwone mgonjwa huyu nikiwa sipo?

Jibu langu hutegemea sana kama anatambua mpaka wake. Mgonjwa aliyevuka miaka 50, mwenye maumivu mapya ya kichwa pembeni na taya linalouma anapotafuna, anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya ateri unaopofusha macho, na hapaswi kuambiwa arudi wiki ijayo. Kijana mwenye mashambulio ya trijemino, au yeyote ambaye uso wake umepoteza hisia, anahitaji picha ya MRI ya ubongo. Aliyeugua mkanda wa jeshi usoni anahitaji njia nyingine kabisa ya matibabu. Daktari anayenipigia simu mapema kuhusu wagonjwa hawa namwamini zaidi kuliko yule asiyeuliza kamwe.

Linalotushinda zaidi nyanda hizi ni ufuatiliaji. Karbamazepini, dawa ya maumivu ya trijemino, huanzishwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu. Inaweza kushusha chumvi ya sodiamu na chembechembe za damu, na mara chache huleta vipele vya hatari vya ngozi. Mgonjwa akirudi Ludewa na dawa mkononi, nani atampima damu, na kwa barua ipi iliyoandikwa kwa mganga wa kituo chake? Kwa sababu hiyo simpandishi daktari ngazi ya nne kwa kuangalia siku ya kwanza ya matibabu pekee. Ninasubiri mgonjwa arudi, nisome jinsi kipimo cha dawa kilivyopandishwa, nitazame majibu ya damu na barua hiyo, ndipo nitie sahihi.