Daftari la ploti: pa kuanzia wapangaji wanapoungana

Simu nyingi za wapangaji hutufikia mlango ukiwa umeshang'olewa. Vyombo viko nje, mtoto amekalia godoro lililokunjwa, na majirani wanachungulia tu. Tukiuliza, "Mama, una risiti?" jibu huwa lile lile: nililipa pesa taslimu, nikampa keateka, yule msimamizi wa ploti, mkononi.

Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi ya nyumba, Sura ya 296, inalinda nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Katika nyumba hizo, kumfukuza mpangaji bila idhini ya baraza linaloamua kesi za kodi ya nyumba (Rent Restriction Tribunal) ni kosa la jinai. Kumsumbua makusudi ili ahame au akubali kuongezewa kodi ni kosa vilevile. Kiwango hicho kimepitwa mno na wakati na Bunge linapaswa kukipandisha, maana kinawaacha nje wapangaji wengi wa Nairobi. Lakini vyumba vya mabati vya bei hiyo bado vipo, na wakaao humo ndio hutolewa nje bila hata karatasi. Aliye juu ya kiwango hicho bado ana Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya makazi ya kufaa na usafi.

Wapangaji wa Muthurwa, Nairobi, walikitegemea kifungu hicho. Mwaka 2010 walitakiwa kuhama kwenye nyumba hizo za zamani za wafanyakazi wa reli, na ubomoaji ukaanza watu wangali ndani. Walienda Mahakama Kuu pamoja. Mwaka 2013 mahakama iliamua kuwa haki zao zilikiukwa, ikaagiza wakutane na mwenye nyumba wapange utaratibu wa kuhama. Hawakupewa kubaki. Walichopata ni kutoondolewa kama takataka, na kwa familia yenye watoto shuleni hilo ni jambo kubwa.

Huko Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, wakazi wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda kilichoanza 1996, walijihesabu nyumba kwa nyumba. Takwimu zao zilionyesha kwamba maskini hununua maji kwa bei ya juu kuliko mwenye bomba nyumbani. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikaitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake lenyewe wa kuliboresha.

Kwenu, anzeni na daftari la shule. Jioni, watu wakiwa kwenye foleni ya maji, andikeni kila chumba: kodi ni ngapi, ililipwa lini, nani aliipokea. Lipeni kwa M-Pesa inapowezekana, na ujumbe usifutwe. Notisi ikija, piga picha siku hiyo hiyo. Anayeogopa kuandikisha jina asilazimishwe. Namba ya chumba inatosha kwa kuanzia.

Nakala ya pili ya daftari isilale kwenye ploti. Mpeni mtu ambaye mwenye nyumba huyo hawezi kumfukuza.