Plaizi imevunjika, kiwanda kiko Oregon: yanayosemwa kuhusu waranti na yalivyo

Kile kisu cha kukunja chenye plaizi katikati, mafundi wengi hukiita Leatherman hata kama kimetoka kiwanda kingine kabisa. Kosa la kwanza linaanzia hapo, maana ukishakiita Leatherman unaamini kina waranti ya Leatherman. Chenyewe hasa ni cha kampuni ya Leatherman iliyoko Portland, jimbo la Oregon, Marekani, iliyoanza kuuza mwaka 1983. Wazo lilimjia mwanzilishi wake, Tim Leatherman, mwaka 1975 akizunguka Ulaya na mkewe katika Fiat iliyochoka, mfukoni ana kisu kisichoweza kubana nati. Waranti yao ni ya miaka 25. Kile ulichonunua Kariakoo kwa bei ya chipsi kuku na soda, jina lilelile limechorwa ubavuni, hakina waranti hata ya siku moja. Ukikituma Portland umelipia safari ya chuma tu.

Sasa tuseme chako ni halisi. Kuna anayesema: "Miaka 25 ni miaka 25, kikivunjika wananipa kipya." Sivyo waranti inavyosema. Inasema kwamba kosa la chuma chenyewe au la utengenezaji likijitokeza ndani ya muda huo, watarekebisha au watabadilisha, na uamuzi wa lipi kati ya hayo mawili ni wao. Matumizi mabaya hayamo. Kubadilisha umbo lake hakumo. Kuchakaa kwa kawaida hakumo, wala mkoba wake wa mkandani, wala rangi ya nje.

Nilijifunza tofauti hiyo kwa aibu. Mimi ni fundi umeme, na siku moja nilikata waya nikiamini nimezima swichi kuu, kumbe nimezima ya chumba cha pili. Volti 230 zikapiga mdomoni mwa plaizi. Mpini wake ni chuma kitupu, hauna plastiki ya kukinga umeme, kwa hiyo kupona kwangu ilikuwa bahati tu. Sehemu ya kukatia waya ikabaki na pengo la mviringo, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Nikakaa na simu nikitunga barua kwamba "imelika yenyewe". Fundi yeyote aliyewahi kuona shoti angecheka kabla ya kumaliza kusoma. Chuma kilichovunjika kwa udhaifu wa kiwandani kina sura yake, kilichoyeyushwa na umeme kina yake, na kilichogeuzwa tindo na kupigwa nyundo nacho kina yake. Wanaopokea vifaa hivi wanatazama mivunjiko kila siku. Barua sikuituma.

Kumbe sikuwa na haja nayo. Kwenye baadhi ya modeli, kama Wave+ iliyotoka 2018, makali ya kukatia waya yamefungwa kwa skrubu na yanabadilishwa. Modeli za zamani makali ni sehemu ya plaizi yenyewe, na hapo ndipo mtu huanza kuota waranti. Tazama kwanza kama kilichoharibika ni kipande kinachouzwa peke yake. Kipande kidogo ndani ya bahasha hakigharimu sawa na kifaa kizima kinachokwenda na kurudi.

Kutu ni ugomvi mwingine, hasa kwetu wa pwani. Watu husoma "stenlesi" wakaelewa "hakishiki kutu kamwe". Chuma cha aina hiyo kimechanganywa kromiamu, angalau asilimia 10.5, nayo hutengeneza utando mwembamba unaokinga. Utando huo una adui mmoja mkubwa, chumvi, na upepo wa Mombasa au Tanga umejaa chumvi. Visu vingi vya aina hii vina kaboni ya kutosha ili vishike makali, na chuma hicho hushika kutu upesi kuliko sufuria yako. Ukikiacha mfukoni na jasho wiki nzima, madoa ya kahawia kwenye maungio ni kazi yako na ya tone la mafuta. Si kosa la kiwanda.

Kunoa je? Wapo wanaoogopa kunoa wakidhani waranti itakufa. Kunoa ni matunzo ya kawaida, noa tu. Kinachokuponza ni kumpelekea fundi wa kuchomelea aunge ncha iliyokatika, au kusaga kwa mashine ya kasi mpaka ubapa unageuka buluu. Ile buluu ni alama ya joto, na joto likizidi ugumu wa makali unapotea. Utanoa asubuhi, mchana kimeshakuwa butu. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema kwa haki kosa lilikuwa la nani, na kiwanda hakitajisumbua kulitafuta.

Halafu kuna nauli. "Waranti" masikioni mwetu ni bure, lakini kinachokuwa bure ni matengenezo. Kukifikisha kifaa huko ni juu yako, na kutoka Dar au Nairobi gharama hiyo peke yake yaweza kukaribia nusu ya bei ya kifaa. Ndiyo maana nasema usipande bodaboda kwenda posta kabla hujakiandikia kiwanda. Tuma picha tatu: kifaa kizima kikiwa wazi, mvunjiko kwa karibu, na maandishi yaliyopigwa kwenye chuma. Kampuni hizi huwa na mawakala katika nchi mbalimbali, na mteja aliye nje ya Marekani mara nyingi huelekezwa kwa wakala. Aliye Muscat au London anaweza kujikuta kifaa chake hakivuki bahari kabisa.

Ukikubaliwa kutuma, usiandike "zawadi" kwenye fomu ya forodha ya posta. Si zawadi, ni kitu kibovu kinachokwenda kutengenezwa. Liandike hilo waziwazi na uweke thamani yake ya kweli. Wengi huandika sifuri wakidhani sifuri ni msamaha wa ushuru. Afisa wa forodha ana mamlaka ya kukadiria thamani mwenyewe. Piga picha fomu hiyo na risiti, kwa sababu safari ngumu ni ya kurudi: mzigo ukifika TRA au KRA, mamlaka za mapato za Tanzania na Kenya, utatakiwa kuonyesha kwamba hukununua kitu kipya, ulikuwa nacho kikatoka kikarudi. Na hapa kuna mtego ambao watu hawautazamii. Wakikubadilishia, kilichorudi si kilekile ulichotuma. Omba barua inayosema ni badala ya kile cha zamani chini ya waranti, na uilinganishe na nakala ya fomu uliyojaza wakati wa kutuma. Kama kisu chako ni cha urithi, cha baba, sema mapema kwamba hutaki kubadilishiwa. Cha zamani kikishabaki kule, usitegemee kukiona tena.

Namba ya kufuatilia mzigo wa posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka. Ikiishia TZ imetoka Tanzania, KE imetoka Kenya. Mtu akikupa namba inayoishia na nchi ambayo mzigo wako haukutokea, muulize vizuri.

Njia rahisi kuliko zote ni binamu anayesafiri kwenda Marekani, akaposti akiwa kulekule ndani. Asiweke kwenye mkoba wa mkononi. Kisu hakiingii ndani ya ndege, kinakwenda na begi la chini. Hesabu pia siku zake, kisije kurudi kwenye anwani ambayo ameshaihama. Kama anapitia Uingereza na atashuka kutembea, asitembee nacho: sheria yao inaruhusu kubeba bila sababu maalumu kisu cha kukunja chenye ubapa usiozidi inchi 3, mradi ukishafunguka hauna loki inayouzuia kukunjika. Ubapa wa Leatherman nyingi una loki hiyo.

Wenye visu vya Victorinox vya Uswisi wana waranti isiyo na ukomo wa miaka kwa kosa la chuma na utengenezaji, na miaka miwili kwa vifaa vya umeme. Kile kijiti cha meno kinachochomekwa mpinini, kikipotea hakimo, lakini kinauzwa peke yake.