Kadi ya mtandao ya ISA: tafuta kwanza mahali pa kumbukumbu yake

Kompyuta zenye nafasi za ISA, yaani nafasi za zamani za kuchomekea kadi, hazijaisha kazi. Utazikuta maabara na karakana, zikiongoza vipimo na mitambo ambayo kadi zake maalumu haziingii kwenye kompyuta za leo. Siku data inapohitajika nje ya mashine hiyo, fundi huchomeka kadi ya mtandao ya enzi zilezile. Hapa nazungumzia jamii moja ya kadi hizo, WD8003 na WD8013 za Western Digital. Biashara hiyo ilinunuliwa na kampuni ya SMC mwaka 1991, ndiyo maana nyingine utazikuta na jina la Elite16.

Kadi hizi zina RAM yake yenyewe, na prosesa huiona RAM hiyo kama sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta. Fremu, yaani kifurushi cha data, ikiingia kutoka kwenye waya, chipu ya kadi huiandika humo, kisha prosesa huisoma moja kwa moja. NE2000, kadi nyingine ya enzi hizo, haifanyi hivyo. Yenyewe hupitisha data yote kidogokidogo kwenye mlango mmoja wa I/O (wa kuingizia na kutolea data). WD8003E ina KB 8, yaani kurasa 32 za baiti 256. Fremu kubwa kabisa ya Ethernet ina baiti 1518, kwa hiyo kurasa 6 zinatosha kutumia, na 26 zinabaki za kupokea kwa mzunguko.

Sasa RAM hiyo lazima ipate anwani chini ya MB 1, na huko pamebanana. KB 640 za mwanzo ni za DOS na programu. Anwani A0000 hadi BFFFF (zimeandikwa kwa heksadesimali, yaani tarakimu 0 hadi F) ni za skrini, C0000 hadi C7FFF kwa kawaida ni za BIOS (programu ya kuwashia) ya VGA, kadi ya skrini, na F0000 kwenda juu ni za BIOS ya mashine. Kinachobaki katikati kinagombewa pia na kadi za diski za SCSI. Mahali pa kawaida pa kadi yetu ni D0000.

Mafundi wengi huanza na jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini kwenye kadi, na mimi naona ndipo muda unapopotea. Jampa hupanga mlango wa I/O, tuseme 280, na IRQ, laini ambayo kadi huitia prosesa, tuseme 3. Ukigongana na COM2, mlango wa pili wa serial, inayotumia IRQ 3 hiyohiyo, utajua mapema. Anwani ya kumbukumbu haina jampa kwenye WD8003E: drayva, programu inayoendesha kadi, ndiyo inayoiandika ndani ya kadi wakati wa kuwaka, ikifuata faili ya mipangilio. Kwa drayva za Novell, kampuni ya programu za mtandao, faili hiyo ni NET.CFG, na mistari ni PORT 280, INT 3, MEM D0000. Ukikosea hapo, kadi itatambulika vizuri, drayva itapakiwa bila malalamiko, na mtandao hautapita.

Mshukiwa wa kwanza ni EMM386, programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu. Kazi yake ni kutafuta sehemu tupu juu ya KB 640 na kuzigawa, na RAM ya kadi ambayo bado haijawashwa huonekana tupu. Basi ni wapangaji wawili waliopewa ufunguo wa chumba kimoja. Kwenye CONFIG.SYS, katika mstari wa EMM386, ongeza X=D000-D1FF kwa kadi ya KB 8, au X=D000-D3FF kwa KB 16. Angalia tarakimu: EMM386 inataka nne, NET.CFG inataka tano.

Kisha ingia kwenye BIOS uzime kivuli cha RAM (kunakili BIOS ya kadi kwenye RAM kuu) kwenye D0000. Kivuli cha BIOS ya VGA, C0000, kiache kikiwaka, hasa kama kadi ni WD8013 ya biti 16. Sababu ni hii: kwenye ISA, kadi hutangaza kwamba inasoma biti 16 kwa kutazama laini za anwani LA17 hadi LA23 tu, na laini hizo haziwezi kutofautisha eneo dogo kuliko KB 128. C0000 hadi DFFFF ni eneo moja. Kadi ikitangaza biti 16, BIOS ya VGA ya biti 8 nayo itasomwa hivyohivyo, na mashine inaganda. Kivuli kinaokoa kwa sababu BIOS hiyo inasomwa kutoka RAM kuu. Drayva nzuri huwasha biti 16 wakati wa kunakili tu, halafu huzima. Kama yako haifanyi hivyo, iache kadi kwenye biti 8. Kasi itapungua, lakini mashine haitaganda.

Usijaribu kwa pakiti ndogo peke yake. Zikiwa chache, zinaweza kuishia kwenye kurasa za mwanzo, na kama mgongano uko mwishoni mwa eneo la RAM ya kadi hutauona. Nakili faili ya megabaiti kadhaa kwenda na kurudi, kisha linganisha nakala na asili kwa amri ya FC /B. Na ikiwa mashine inatumia Windows 3.1, andika pia EMMExclude=D000-D3FF chini ya [386Enh] kwenye SYSTEM.INI, maana Windows nayo hutafuta nafasi eneo hilohilo.