Ridhaa sio "haya yaishe": ile fomu ya watafiti ina maana gani

Ukikaa karibu na chuo cha tiba, iwe Muhimbili, KCMC pale Moshi au Bugando Mwanza, kuna siku utapigiwa hodi na kijana ana kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni, atakusalimia vizuri tu, atasema anatoka kwenye utafiti, na kabla hajakuuliza chochote atakutolea karatasi tatu nne zimebanwa pini akuambie "mama, hii ni fomu ya ridhaa". Wengi hapo hapo wanauliza nisaini wapi.

Mimi nimewahi kuwa huyo kijana, nimezunguka na hizo fomu vijijini mkoa wa Tanga, kwahiyo naongea nikijua utamu wa kuambiwa "lete nisaini". Unamaliza kaya mapema unawahi bodaboda. Ila hiyo saini ya haraka mara nyingi sio ridhaa, ni wino tu.

Tuanze na neno lenyewe. Ridhaa ni ndugu wa radhi na kuridhika, yani ni hali ya moyo kutulia juu ya jambo. Kukubali ni kitu kingine kabisa, mtu anaweza kukubali huku kakunja uso, anakuambia "haya bwana, yaishe", na kweli yanaisha, lakini hajaridhia. Kwenye utafiti ridhaa ina maana umeelezwa jambo kwa lugha unayoielewa, umeuliza ukajibiwa, umepewa muda wa kufikiri, halafu ndo ukasema sawa bila kushinikizwa na mtu. Kikikosekana kimoja hapo, saini inabaki pambo.

Halafu kuna ruhusa, hii watu wanaichanganya sana. Watafiti hawaingii kijijini kama mbuzi waliokata kamba. Utafiti unapita kwanza kamati ya maadili ya chuo, Tanzania bara ukitaka kibali cha taifa unaenda NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, halafu barua inashuka mkoani, wilayani, kwenye kata mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Zote hizo ni ruhusa. Mwenyekiti anaweza kuruhusu tuingie kijijini kwake, hawezi kuridhia kwa niaba ya mkono wako unaotolewa damu. Nimeshaona mwenyekiti anatangaza kwenye mkutano "kesho wote mtapimwa", watu wakajipanga asubuhi wakidhani ni amri ya serikali. Ilibidi tuanze upya kueleza mmoja mmoja, na kuna waliorudi nyumbani kwao, haki yao kabisa.

Sasa tuje kwenye damu maana hapo ndo penye kazi. Kuna bibi mmoja nilimkuta anachambua mchicha nje ya nyumba, nikatoa shikamoo, nikaketi kwenye kigoda, nikasoma fomu yote vizuri kama nilivyofundishwa. Nilipofika "tutachukua mililita tano za damu" akaacha mchicha. "Mililita ndo nini, mwanangu?" Mwenzangu akaingia ndani na mjukuu, akatoka na kijiko cha chai, akamwonyesha kwamba ni kama hiki kimoja. Bibi akakiangalia kijiko, akaniangalia mimi, akauliza inakwenda wapi na nani anaiuza. Wanaocheka swali hilo hawajakulia pwani, sisi tumelelewa na habari za mumiani, mtu anayenyonya damu za watu akaiuze, na hofu hiyo haifutwi kwa kumwambia mtu hajasoma. Unamjibu: inakwenda maabara gani, itapimwa nini, itatunzwa miaka mingapi, kama kuna sehemu itapelekwa nje ya nchi. Mambo hayo yanatakiwa yawemo kwenye fomu, na mara nyingi kutunza sampuli au kuipeleka nje kunakuwa na kisanduku chake cha kuweka tiki, unaweza kukubali kupimwa leo ukakataa damu yako ikae kwenye friji kusubiri utafiti mwingine.

Swali lake la mwisho ndo lilikuwa lenyewe. "Na nikikataa, huyu mjukuu wangu atatibiwa pale zahanati?" Tukamwambia atatibiwa kama kawaida. "Basi msinichome." Akarudi kwenye mchicha wake. Jioni bosi wetu kwenye simu hakufurahi, alikuwa na namba ya sampuli anazitaka kwa wiki, lakini kwangu ile ndo ridhaa iliyofanya kazi kuliko zote za siku ile, maana ridhaa ambayo haina mlango wa kusema hapana inakuwa amri iliyopakwa rangi. Na mlango unabaki wazi hata baadaye, unaweza kuingia utafiti leo ukajitoa mwezi ujao bila kudaiwa maelezo.

Mambo haya hayakutoka hewani. Baada ya madaktari wa Kinazi kushtakiwa kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, mwaka 1947 yaliandikwa masharti kumi ya Nuremberg, na la kwanza kabisa ni ridhaa ya hiari. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia likafuata 1964. Na bado muda wote huo, kule Tuskegee, Alabama, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walikuwa wanafuatiliwa tu kuona ugonjwa unaendaje, wao wameambiwa wana "damu mbaya" na wanatibiwa, kumbe hata penisilini ilipokuja kuwa dawa ya kawaida hawakupewa. Ukishajua hilo huwezi tena kumwona bibi wa mchicha kama mtu msumbufu.

Kuna mahali ridhaa inakuwa ngumu kweli, mtoto analetwa amezimia na mama analia. Utamsomea kurasa nne? Kwenye utafiti wa FEAST, wa dripu kwa watoto mahututi, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, uliosimamishwa 2011 ukiwa na watoto 3,141, mama aliyekuwa kwenye hali hiyo alielezwa kwa kifupi akasema ndiyo au hapana kwa mdomo, maelezo kamili na saini vikaja baadaye mtoto akishatulizwa. Watu wa maadili walibishana sana juu ya hilo. Na matokeo yake yalishtua, watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi kuliko ambao hawakupewa hivyo, wakati watu wengi walikuwa wanaamini dripu ya haraka ndo inaokoa. Ndo ujue kwanini mtafiti hatakiwi kukuahidi kwamba utafiti utakuponya. Angekuwa anajua jibu asingefanya utafiti.

Asiyejua kusoma anaweka dole gumba, lakini awepo shahidi ambaye sio wa timu ya utafiti, aliyesikia maelezo yote mwanzo mwisho, sio jirani aliyeitwa dakika ya mwisho aje aangalie wino. Mtoto mdogo anaridhiwa na mzazi au mlezi, ila akishakuwa na akili za kuelewa naye anaulizwa, na akilia hataki unaweka sindano pembeni unaondoka.

Hela je? Nauli na fidia ya muda ni sawa, umeacha shamba lako. Ikiwa nyingi mpaka mtu anaficha ugonjwa ili asikose, hapo mmemnunua.

Na kopi ya fomu ni yako, dai upewe, kwa kawaida kwenye kurasa za mwisho kuna namba ya mtafiti na ya kamati ya maadili ukiona mambo hayaendi ulivyoambiwa. Watu hawazitunzi sana. Niliwahi kununua karanga stendi nikafungiwa kwenye ukurasa wa nne wa fomu yetu wenyewe, mafuta yameingia mpaka kwenye nembo, lakini namba ya kamati bado ilikuwa inasomeka.