Malaika hutaga wenyewe. Shughuli ni siku zinazofuata

Anayetaka kuzalisha samaki malaika nyumbani huuliza kwanza namna ya kuwafanya watage. Jibu lake ni fupi: washibishe, wabadilishie maji, waache. Jozi iliyokubaliana itataga hata kwenye hita. Swali lenye uzito ni hili: siku ya nane, vifaranga mia mbili watakapoanza kuogelea wakitafuta chakula kisichozidi chembe ya chumvi, utawapa nini? Asiye na jibu siku hiyo, wiki inayofuata hana vifaranga. Kwa hiyo naanza na chakula, mayai yatafuata.

Artemia kwanza

Chakula chenyewe ni artemia, vijikamba wadogo sana wa maji ya chumvi, walioanguliwa leo. Mayai yao makavu huuzwa kwenye makopo, na kwa hapa Uganda njia rahisi ya kuyapata ni kuwaendea wenye vituo vya kuzalisha kambare, maana nao huyatumia kulishia vifaranga wao wa siku za mwanzo. Omba wakupimie gramu 50. Robo kijiko cha chai kwa siku inatosha vifaranga mia mbili, kwa hiyo kiasi hicho kitakuvusha zaidi ya mwezi. Yafunge kabisa yasipate unyevu, uyaweke kwenye friji.

Chukua chupa ya soda ya lita 1.5, kata kitako, igeuze kizibo kikae chini. Tia lita moja ya maji na gramu 25 za chumvi, yaani vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, na baking soda kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Chumvi ya jikoni inafaa, hata yenye iodini. Ile ya Ziwa Katwe siitumii kwa kazi hii: imechanganyika na kabonati na salfeti nyingi, hujui umetia nini. Shusha mpira wa hewa hadi kwenye shingo ya chupa ili maji yachemke kwa mapovu na yai lolote lisitulie chini. Washa taa karibu. Maji yakiwa nyuzi 28, wanaanguliwa kwa saa 24. Chumba cha Kampala kikiwa na nyuzi 23, subiri hadi saa 36.

Ukivuna, zima hewa dakika kumi. Maganda matupu huelea. Artemia hai hushuka, rangi ya chungwa, wakifuata mwanga. Funika sehemu ya juu kwa kitambaa cheusi, mulika tochi chini, uwanyonye kwa mpira mwembamba kupitia leso safi. Acha tabaka la kahawia lililo chini kabisa, hayo ni mayai yaliyogoma. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kulisha. Usipuuze maganda: kifaranga akiyameza yanaweza kumziba utumbo, na utamkuta amekufa tumbo limejaa.

Panda chupa mbili, moja leo na nyingine kesho, ili kila asubuhi kuwe na mavuno. Artemia aliyeanguliwa jana amekwishatumia sehemu kubwa ya kiini chake, na kifaranga anayemla anapata kidogo.

Jozi na maji

Dume na jike wa malaika hawatofautishiki kwa rangi wala umbo, na muuzaji anayekuapia kwamba huyu ni jike anabahatisha. Nunua wadogo sita hadi wanane, walee pamoja, wataanza kuchaguana wakiwa na miezi 8 hadi 12. Utawatambua kwa kona: wawili wanaoimiliki na kuwafukuza wengine wote ndio jozi. Jinsia huonekana wazi wakati mmoja tu, wanapokaribia kutaga: mrija wa jike chini ya tumbo ni mnene na butu, wa dume ni mwembamba na umechongoka. Majike wawili nao huweza kufanya jozi na kutaga pamoja. Ukiona mayai mengi kupita kawaida na yote yamegeuka meupe, chunguza hilo kabla ya kulaumu maji.

Hamishia jozi kwenye tangi la lita 80, kimo kisichopungua sentimita 45, bila mchanga. Chujio la sponji, hita ya wati 100, na kigae cha sakafu kilichoegemezwa ukutani upande usio na mkondo mkali. Joto nyuzi 28. Usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na Kabale ni baridi zaidi, kwa hiyo hita si anasa.

Kuhusu maji, wakazi wa Kampala wamebahatika. Yanatoka Ziwa Victoria, na ziwa hilo lina madini machache, karibu na anavyotaka samaki huyu wa mto Amazon. Tatizo ni klorini tu: yaache kwenye pipa wazi saa 24 yakipigwa hewa. Maji ya kisima kirefu hutofautiana. Yakiwa magumu, mayai hayarutubiki vizuri. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, lakini mwaga mvua ya dakika za mwanzo, ile inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati.

Kutaga

Wataanza kusugua kigae kwa midomo, siku moja au mbili. Kisha jike atapanda taratibu, mrija ukigusa kigae, akiacha mstari wa mayai kama ushanga uliotungwa. Dume anapita nyuma yake papo hapo. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili, na mayai huwa mia mbili, pengine zaidi ya mia tatu. Yai zima lina rangi ya asali na unaliona ndani. Jeupe kama chaki limekufa.

Malaika ni ndugu wa ngege na nkejje wa maziwa yetu, wote ni wa ukoo mmoja uitwao sikilidi, ila malaika hawaatamii mdomoni. Basi ukimwona mzazi ameweka watoto mdomoni usikimbilie kuwanyang'anya. Walioanguliwa huhamishwa hivyo toka sehemu moja hadi nyingine: anawachukua, anawatafuna-tafuna kama anayesukutua, halafu anawatema kwenye kigae. Tazama kama anatema. Asipotema, huyo anakula.

Jozi changa hula mayai yao mara mbili tatu za mwanzo, hasa zikishtushwa: taa iliyozimwa ghafla, watoto wanaogonga kioo, samaki mwingine tangini. Kuwaachia wazazi ni jambo la kupendeza kulitazama, lakini ukitaka idadi, toa kigae.

Weka kigae na mayai yake kwenye chombo cha lita 5 kilichojazwa maji ya tangi lile lile, na usiyaache mayai hewani zaidi ya sekunde chache. Ning'iniza chombo ndani ya tangi la wazazi ili kipate joto la hita ile ile; umeme ukikatika, lita 80 hupoa polepole kuliko lita 5. Simamisha jiwe la hewa sentimita tatu kutoka kwenye mayai, mapovu yapite mbele yao bila kuyapiga. Tia methilini bluu, dawa ya kuzuia ukungu: ya asilimia 1, mililita 1 inatosha lita 5. Isimwagike kwenye tangi lenye chujio, inaua bakteria wanaosafisha maji. Pampu ya betri iwe karibu, maana mayai yasiyopitiwa na maji kwa saa kadhaa huingia ukungu, na ukungu wa yai moja bovu hutambaa hadi kwa jirani yake mzima.

Siku ya pili utaona vijidoa vyeusi, na saa ya 60 hivi mikia inatikisika. Hapo wamegandana kwenye kigae kwa nyuzi zinazotoka kichwani, wanaishi kwa kiini cha tumboni. Usiwalishe. Badilisha nusu ya maji kila siku hadi bluu iishe. Baada ya siku tano hivi wanaachia na kuogelea. Chupa ya kwanza ya artemia inapaswa kuwa imeanza kuchemka siku mbili kabla.

Vifaranga

Kipimo ni tumbo. Kifaranga aliyekula ana tumbo la chungwa linaloonekana mita moja mbali. Lisha mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu artemia hufa kwenye maji yasiyo na chumvi baada ya saa chache, na waliokufa huoza na kuleta amonia. Vifo vya ghafla siku ya tatu au ya nne ya kuogelea husababishwa zaidi na hilo kuliko ugonjwa. Dalili ya awali ni mapezi kubanwa mwilini. Dawa yake ni maji safi.

Artemia wakikwama, maikrowomu, yaani minyoo midogo sana, ni akiba nzuri: uji mzito wa posho (unga wa mahindi) uliopoa, hamira kidogo juu, na kijiko cha minyoo ya mbegu. Baada ya siku nne au tano hupanda ukutani mwa kopo, uwafute kwa kidole. Huzama haraka, na anayelishwa hao tu hukua kwa kusuasua. Kiini cha yai la kuku kilichochemshwa ni cha kukata tamaa, kinachafua maji kuliko kinavyolisha.

Mwisho wa wiki ya pili wahamishe kwenye lita 80, tangi tupu, chujio la sponji lililokwisha kukomaa, yaani lenye bakteria wanaosafisha maji. Kila siku toa lita 40, rudisha jerikani mbili za maji yaliyolala, ukiyapasha kwa maji ya birika hadi yalingane na tangi. Ndiyo, kila siku. Mapezi marefu hujengwa wiki ya tatu hadi ya sita, na msongamano wa wiki hizo hauponi baadaye: utapata malaika mfupi, mnene, wa bei ya hasara. Anza sasa kuchanganya mukene (dagaa) uliosagwa ukawa vumbi. Nunua uliokaushwa kwenye chanja. Ule wa kuanikwa chini una mchanga.

Wenye vifuniko vya matamvua vilivyokatika, wanaoburura tumbo chini, au wasio na mapezi ya kifuani, watoe mapema wakawe chakula cha samaki wengine. Wala usiwamwage kinamasini au ziwani. Sangara aliyeletwa ziwani alivyowamaliza nkejje inatosha.

Neno kuhusu rangi: ukiunganisha wawili weusi hafifu, takriban robo ya watoto huwa weusi kabisa, nusu weusi hafifu, robo ya fedha yenye mistari. Weusi kabisa hukua polepole na hufa zaidi, watenge wasinyang'anywe chakula. Wawili wenye mapezi marefu ya shela usiwaunganishe. Watoto waliorithi shela pande zote mbili hushindwa kubeba mapezi yao.

Mwili, bila mapezi, ukifikia upana wa sarafu ya shilingi 500, wanauzika. Wanyime chakula siku moja kabla ya safari, theluthi ya mfuko iwe maji na theluthi mbili hewa, mifuko iwe miwili mmoja ndani ya mwingine, kisha uiweke ndani ya boksi. Mfuko usio na boksi kwenye usukani wa boda, kwenye jua la saa saba, hufika umepikwa.