Damu ndani ya jicho baada ya kutibiwa maumivu ya kichwa yaliyoletwa na sindano ya mgongo

Nimejifungua kwa upasuaji. Nikikaa kichwa kinapasuka, nikilala kinatulia. Kwa nini?
Sindano ya ganzi iliacha tundu kwenye utando wa uti wa mgongo, na maji yanayozunguka uti na ubongo yanavuja. Wengi hupona ndani ya wiki mbili. Kikizidi, waambie wodini.

Kiraka cha damu ni nini?
Daktari wa usingizi huchota damu yako mwenyewe mkononi, mara nyingi mililita 15 hadi 20, akaiingiza mgongoni, nje ya utando huo. Ni tiba nzuri ya kichwa hicho, usiikimbie.

Jicho linaingiaje hapo?
Damu ikiingizwa kwa haraka, presha ya maji ya ubongo hupanda ghafla na kufika nyuma ya jicho, vishipa vya retina (utando wa ndani, nyuma ya jicho, unaopokea picha) vikapasuka. Hutokea mara chache. Ukisikia mgongo unabanwa wakati wa sindano, sema hapo hapo ili daktari asite.

Jicho langu ni jeupe na haliumi. Damu itoke wapi?
Mama, damu hii huioni kwenye kioo! Iko nyuma kabisa. Dalili yake ni kuona vibaya: ukungu, au doa jeusi katikati, ukimtazama mtoto sehemu ya uso wake haipo. Ziba jicho moja, kisha la pili, maana jicho zima hulifichia lililoumia.

Nisubiri siku mbili tatu?
Hapana. Nenda leo. Kwa mzazi, macho kuingia ukungu huweza pia kuwa presha ya uzazi (presha ya damu inayopandishwa na ujauzito), nayo huua. Lazima upimwe.

Nimenunua matone duka la dawa.
Acha. Matone hayo hayafiki damu ilipo, na yenye steroidi yanaweza kupandisha presha ya jicho. Maziwa ya mama? Hapana. Maji ya majani? Hapana! Tunaletewa macho yaliyounguzwa na majani, juu ya tatizo lililokuwepo. Nenda leo, bila kutia kitu.

Kliniki ya macho watafanya nini?
Watatanua mboni na kutazama retina. Mara nyingi damu hunyonywa yenyewe kwa wiki au miezi, huku ukifuatiliwa. Wachache huhitaji upasuaji, na wapo wanaobaki na upungufu wa kuona. Beba fomu ya kuruhusiwa hospitali, na utaje sindano ya mgongo hata usipoulizwa. Ukinyamaza, unaweza kuandikiwa miwani tu.