Jino Lililotibiwa Mzizi na Kofia Yake: Maswali na Majibu

Maswali yanayofuata huulizwa na wagonjwa wa Kisumu, Nakuru na kaunti za Magharibi wanapoambiwa kwamba jino linalowauma si lazima ling'olewe, bali laweza kutibiwa mzizi, yaani kusafishwa na kujazwa ndani, kisha kuvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholifunika kwa nje.

Daktari hutibu nini hasa ndani ya jino?

Katikati ya jino kuna uwazi mdogo wenye nyama laini, iliyobeba mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo hushuka kupitia mifereji myembamba hadi kwenye ncha za mizizi. Kuoza kukifika hapo, au jino likipasuka kwa ajali, bakteria huingia na nyama hiyo huvimba mahali ambapo hapana nafasi ya kuvimbia, na ndiyo sababu mgonjwa hukesha kwa maumivu. Baadaye nyama hufa na maumivu huenda yakatulia, jambo ambalo huwadanganya wengi, kwa kuwa bakteria huendelea kushuka hadi mfupa wa taya na kufanya jipu.

Daktari hupiga ganzi, hulitenga jino kwa pazia la mpira ili mate yasiingie, hutoboa sehemu ya juu, huondoa nyama iliyoharibika, kisha husafisha mifereji kwa visindano vyembamba na dawa ya kuua bakteria. Mwishowe huijaza mifereji hiyo na kuhakikisha kwa eksirei kwamba imejaa hadi karibu na ncha. Jino la mbele kwa kawaida huwa na mfereji mmoja, ilhali gego la juu mara nyingi huwa na minne. Kwa hivyo si ajabu gego kuchukua muda mrefu zaidi na kugharimu zaidi.

Je, antibiotiki haziwezi kuniponya bila kutobolewa jino?

Haziwezi. Dawa hiyo husafiri katika damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Vidonge vilivyonunuliwa dukani vinaweza kupunguza uvimbe kwa muda, huku chanzo kikibaki palepale. Hata hivyo, mtu mwenye uvimbe unaoenea chini ya taya au shingoni, homa, au taabu ya kumeza, kufungua kinywa au kupumua, asingoje miadi ya kliniki ya meno: aende hospitali yenye huduma za dharura, hata kama ni usiku.

Maumivu yamekwisha. Kwa nini ninaambiwa nirudi kuwekewa kofia?

Hapa ndipo meno mengi yaliyookolewa hupotea. Jino kuuma kidogo unapotafuna kwa siku chache baada ya tiba ni jambo la kawaida. Maumivu hayo yakiisha, mgonjwa huona kazi imekamilika na hubaki na kizibo cha muda kwa miezi. Kizibo hicho kimetengenezwa kudumu wiki chache tu. Kikichakaa au kupasuka, mate yenye bakteria hupenya tena katika mifereji iliyokwisha kusafishwa, na tiba huenda ikalazimika kurudiwa tangu mwanzo.

Sababu ya pili ni uimara. Watu husema kwamba jino lisilo na mshipa hukauka na kuwa kavu kama kuni, lakini maelezo hayo si sahihi sana. Linalolidhoofisha zaidi ni kwamba sehemu kubwa yake imeondolewa, kwanza na kuoza kwenyewe, kisha na tundu ambalo daktari alilazimika kulitoboa ili aifikie mizizi. Kuta zilizobaki za gego husukumwa pande mbili kila unapotafuna, na ufa ukishuka hadi kwenye mzizi hakuna fundi awezaye kuuziba, jino hung'olewa. Kofia huzishika kuta hizo pamoja kutoka nje. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvikwa kofia yalipotea kwa kasi ya takriban mara 6 ya yale yaliyovikwa.

Kwa maoni yetu, bei ya kofia inapaswa kujadiliwa kabla ya siku ya kwanza ya tiba, wala si baada ya mwisho wake. Uliza wazi iwapo bima yako, iwe ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) au ya mwajiri, hulipia mzizi pekee au mzizi pamoja na kofia. Kama fedha hazitoshi kwa sasa, mwombe daktari azibe jino kwa kizibo cha kudumu kinachofunika ncha za juu za gego, zile za kutafunia, ili usikae na kile cha muda ukisubiri mwisho wa mwezi ambao hauji.

Je, kila jino huhitaji kofia?

Hapana. Jino la mbele lililobaki na sehemu yake kubwa laweza kutosheka na kizibo kizuri. Likigeuka rangi na kuwa jeusi, laweza kung'arishwa kutoka ndani.

Nile nini na niache nini?

Subiri ganzi iishe kabla ya kula, usije ukajiuma shavu au ulimi bila kujua. Hadi kofia iwekwe, tafuna kwa upande mwingine, na weka kando miwa, mahindi ya kuchoma yaliyokomaa na mifupa ya nyama. Kumenya muwa kwa meno ni mazoea ya tangu utotoni kwa wengi wetu tuliokulia karibu na mashamba ya Muhoroni na Mumias. Kisu kifanye kazi hiyo hata baada ya kofia. Kufungua soda kwa gego hakufai kwa jino lolote.

Jino lililokufa laweza kuoza tena?

Laweza, na hatari yake ni kwamba halitakuuma mapema ili kukuonya. Kuoza huanzia pale kofia inapokutana na jino, karibu na ufizi. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha meno, pitisha uzi kati ya meno, na urudi kukaguliwa.

Wakazi wa Nakuru huuliza kama waiepuke floraidi, kwa kuwa maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa huwa nayo kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Madoa ya kahawia yanayoletwa na floraidi nyingi hutokea meno yanapojengeka utotoni. Mtu mzima hawezi kuyapata kwa mswaki. Tahadhari ni kwa watoto wadogo, ambao hupewa dawa ya meno kidogo sana na kufundishwa kuitema.

Kofia ikitoka nifanyeje?

Ioshe, ihifadhi katika chombo safi na uirudishe kwa daktari ndani ya siku chache, kwani mara nyingi huweza kubandikwa tena ikiwa jino lililo chini yake ni zima. Usiibandike kwa gundi ya dukani. Usitafunie upande huo, na endelea kulipiga mswaki jino lililo wazi.